Maiti Ndiye Steringi

Mbukwenyi. Hiyo ni salamu yetu Wagogo, itikieni basi, msinikodolee macho. Mmesema mnataka habari za kazi, haya, hiyo simu mnayonirekodia isogezeni, sauti yangu ya leo siyo ile ya zamani.

Mimi nimeua watu wengi. Nimeua kwa risasi, kwa panga, kwa pasi, mmoja nilimuua kwa kinanda cha kuteremka ngazi. Kila Jumamosi alasiri, hapo Gulwe, nyuma ya stesheni. Jumapili asubuhi niko kanisani, kwaya, sauti ya pili, kitambaa kichwani. Polisi hawakunigusa kwa sababu nilikuwa naua kwa mdomo. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri picha kwenye banda la video. Na shule sikukanyaga. Kiingereza nilichonacho ni yesi, na hiyo yesi yenyewe nikiisema mahali pasipostahili nauziwa kitu.

Wewe unayecheka huko nyuma, punguza. Nitakuigiza sasa hivi, utajua unavyocheka, na hutapenda.

Nyie mna picha elfu kwenye mfuko wa suruali, mnaangalia mmelala. Sisi tulikuwa na banda moja la mabati, magogo ya kukalia, televisheni yenye kisogo kikubwa, na jenereta limefungwa nyuma ya zizi la mbuzi ili kelele zake ziwasumbue mbuzi kwanza. Mzungu anaongea kwenye kioo, watu sitini wamemkodolea, hakuna anayemuelewa. Kwa hiyo pembeni anakaa mtu na maiki, sauti ya Mzungu inapunguzwa, mtu yule anaongea badala yake. Akiwa mtu mzuri, watu wanasahau kwamba yupo. Akiwa mbaya, mabati yanapigwa mawe.

Mtu huyo kabla yangu alikuwa Mzee Yoramu. Alipika misheni miaka mingi, Kiingereza alikiokota jikoni. Kwa hiyo majambazi wake walikuwa wanachemshana. Jambazi anashika bastola, Yoramu anasema kwa ile sauti yake ya kusoma somo la kwanza, "Ndugu yangu, nimekuvumilia vya kutosha, leo nakumenya na kukukaanga." Watu walimpenda. Alikuwa mzee wa kanisa, koti halimtoki hata kwenye jua la Oktoba, na kila picha aliianza kwa kukohoa mara mbili. Ukisikia ehem, ehem, ulikuwa unajua tumeanza.

Mwenye banda alikuwa Hamisi, Mrangi wa Kondoa. Alikuja Gulwe na baiskeli ya kuuza sufuria, akaishia na televisheni. Hamisi haongei, anamwaga. "Mamakaranga-wallahi-sogeza-kapu-lako-watu-wapite-mama-wewe-vipi." Hivyo, bila kituo. Mama Karanga ndiyo mimi, nilikuwa nauza karanga mlangoni. Jina langu Sechelela, lakini Gulwe nzima mpaka leo ukiuliza Sechelela watakuuliza Sechelela yupi, ukisema Mama Karanga utapelekwa mpaka chumbani kwangu.

Sasa kuiga watu mimi nilianza nikiwa mtoto, na nilichapwa sana kwa hilo. Nitawaambia siri yake, maana wengi wenu naona mnaiga kwenye simu mkibana pua tu. Pua haitoshi. Muangalie mtu anapovuta pumzi. Mchinjaji anavuta pumzi katikati ya neno kwa sababu ya tumbo. Mwalimu wa kwaya hamalizi sentensi, anaiacha juu kama nguo kwenye kamba. Ukiipata pumzi, sauti inakuja yenyewe. Na usimuige mtu kwa ugonjwa wake wala kilema chake, labda akuombe mwenyewe. Hilo nilifundishwa na mama yangu kwa mwiko wa kusongea ugali.

Niliingiaje kwenye kazi? Kwa kosa la kuona. Siku moja mtu alimwamkia Mzee Yoramu pale mlangoni, "Shikamoo mzee." Yoramu akageuka, akaitikia "Marahaba, baba" kwa koti lililotundikwa msumarini. Koti lake mwenyewe, siku hiyo alikuwa amelivua kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilicheka. Halafu nikamtazama mkono anavyotafuta gogo la kukalia, nikaacha kucheka.

Nikamfuata jioni. Nikamwambia, "Baba, wewe huoni."

Akasema, "Naona sana. Naona wewe umevaa nyekundu."

Nilikuwa nimevaa kijani.

Akaniambia taratibu, "Seche, ukungu ulianza jicho moja, sasa umehamia na jingine. Natafsiri kwa masikio. Mtu akipigwa risasi nasikia, gari nasikia, mwanamke akilia nasikia. Usimwambie Hamisi. Nikitoka kwenye maiki nitapelekwa Manyoni kwa mkwe wangu, nikakae kwenye mkeka nifukuze kuku nisiowaona mpaka nife. Hapa bado ni mtu."

Hicho ndicho alichokuwa anaogopa. Kufa hakukumtisha sana, alishajiandaa nako tangu kipaimara. Aliogopa mkeka wa Manyoni.

Basi nikahamisha kapu langu. Nikakaa karibu na goti lake, najifanya nafunga karanga kwenye makaratasi, huku namnong'oneza ninachokiona. "Ametoa kisu." Yeye anasema kwenye maiki, "Sasa nakumenya." "Anakimbia." "Rudi hapa, hujaiva." Mimi macho, yeye Kiingereza. Tulikwenda hivyo miezi, wala Hamisi hakushtuka. Alilalamika kapu tu.

Hapo ndipo ilipokuja ile picha.

Hamisi aliileta kutoka Dodoma mjini, ameishika kwa mikono miwili kama keki ya harusi. "Hii-wameniambia-ina-mastaa-watupu-mama-wote-wakubwa-hakuna-mdogo-humo." Na kweli, lile ganda la kanda lilikuwa na vichwa vimebanana kama abiria dirishani, hujui yupi ni wa mbele.

Ngoja niwaambie ilivyokuwa. Bosi wa majambazi amekufa. Kafa kabla picha haijaanza, sisi tunamkuta yuko ndani ya jeneza, limefunguliwa, sebuleni, uso nje, macho yamefumbwa. Watu wake watano wamekuja kukesha naye siku tatu mpaka mazishi. Na kila mmoja anataka kile kiti chake. Basi wanauana. Wanauana mlemle msibani, mmoja mmoja, kimyakimya, na kila wageni wakija kutoa pole wanaficha aliyekufa, wanapanguza damu, wanakaa, wanakunywa chai, wanasema alikuwa mtu mwema. Mwingine anauawa huku chai ya mwingine haijapoa. Wanagombana kuhusu chumvi ya supu wakiwa wamekalia sanduku lenye mwenzao. Sijui nani alikaa akaitunga. Mtu wa hivyo akiwa jirani yako, hata kumwazima upawa unafikiria mara mbili.

Sasa Gulwe, na nadhani kila banda la nchi hii, watu wakikaa tu wanauliza swali moja, "Steringi yupi?" Steringi ni yule mwenye picha. Anapigwa, anatupwa mtoni, anaungua, hafi. Ukishaonyeshwa steringi unatulia, roho yako umeiweka kwake, wengine wafe wanavyotaka. Na mtafsiri akishamtaja hawezi kumtangua.

Jumamosi ile watu wakauliza. Yoramu akasikiliza sauti zile tano, akachagua nzito kuliko zote. Mtu mmoja mwenye kipara. Ehem, ehem. "Steringi wetu ni huyu anayeongea, mtu wa haki, hapendi ugomvi." Watu wakampokea.

Kosa lililofuata ni langu, sitalisukumia mtu. Treni ilikuwa imesimama stesheni, abiria mmoja akaja mlangoni anataka karanga nyingi. Nikainuka. Dakika ngapi, chache tu. Nyuma yangu, kwenye kioo, mwanamke mmoja wa wale watano, amevaa viatu vyekundu, akamjia Kipara kwa nyuma na pasi, akampiga nayo kisogoni. Pasi hailii kama bunduki. Inasema puh, kama mto wa sufi. Kipara akaanguka kwenye zulia. Yoramu akasikia puh, halafu kimya.

Akasema, "Steringi amechoka, amejinyoosha kidogo."

Watu wakacheka, wakidhani ni maneno yake. Kwenye kioo wale wanne waliobaki wanamburuta Kipara jikoni kwa miguu.

Yoramu: "Sasa anatembea kwenda kupumzika."

Wanafungua friza. Haingii. Wanamkunja goti, haingii, wanatoa samaki, wanatoa barafu, mmoja anamkalia.

Yoramu anasikia watu wanahema, akasema, "Steringi anapanda kitandani, kitanda ni kidogo."

Mtu mmoja mchunga ng'ombe, hodari wa sauti, akasimama. "Mzee, steringi wako kawekwa kwenye friza."

Na Yoramu, Mungu amrehemu, akasema, "Hasira zake zinapoa."

Nilifika kwenye goti lake wakati jiwe la kwanza linagonga bati.

Baada ya hapo kulikuwa na vumbi na makofi, mtu mmoja akaondoka na kiatu cha mwingine. Hamisi akatukuta nje. Na siku hiyo Hamisi aliongea polepole, ndipo nikajua ni hatari. Akasema, "Mzee Yoramu. Umenitia aibu. Jumamosi ijayo ni mnada, watu watakuwa wengi mara tatu, na hii picha nitairudia kwa sababu sina nyingine. Kuna mtafsiri Mpwapwa nimemwita aje. Atakaa pembeni. Ukikosea tena, maiki anachukua yeye siku hiyohiyo."

Yoramu akasema, "Sawa." Akaweka mkono kwenye bega langu kama mtu anayeniaga. Alikuwa anashikilia asianguke.

Wiki ile tuliomba banda mchana, tukajifungia tukaitazama ile picha. Mimi namweleza ninachokiona, yeye ananieleza wanachosema. Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Kumbe kueleza picha kwa asiyeona siyo kusema kila kitu. Ukisema kila kitu, unamchosha. Unasema kile ambacho jicho linakimbilia lenyewe. Chumba kina viti, meza, mapazia, lakini jicho linakimbilia kijiko kilichoanguka. Sema kijiko. Mengine atajenga mwenyewe.

Lakini steringi hatukumpata. Yoramu ananiuliza, "Yule mwanamke wa viatu vyekundu?"

"Anakufa, baba."

"Yule mnene?"

"Anashushiwa kinanda kwenye ngazi."

"Yule mchungaji wa uongo?"

"Anakunywa chai ya mwenzie, ina sumu."

"Yule anayechekacheka?"

"Anapigana risasi na yule mwanamke, wanakufa wote, mmoja kulia mwa jeneza, mmoja kushoto."

Akavua kofia. "Seche, picha gani hii. Nani sasa hafi?"

Nikasema bila kufikiri, "Aliyekwisha kufa."

Na nilipolisema hilo, nikamkumbuka mume wangu. Alipofariki, siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, chakula hakipiti. Akaja mtani wetu, Mnyamwezi, mfanyakazi wa reli, akachukua koti la marehemu msumarini, akalivaa. Akaingia nalo uani akitembea kama mume wangu alivyotembea, mikono nyuma, akakohoa kikohozi kilekile, akaniambia, "Sechelela, wageni wote hawa umewapa viti. Mimi mwenye nyumba nikae wapi?" Nililia, halafu nikacheka, halafu nikaomba ugali. Nyie wa mjini siku hizi msibani mnakaa na maji ya chupa mmeinamia simu, mtani akianza mnamtazama kama mlevi. Mtani anajua kazi yake. Marehemu kanyamazishwa, mtani anamrudishia mdomo kwa siku moja ya mwisho, aseme yaliyobaki.

Nikamwambia Yoramu, "Baba, huu ni msiba usio na watani. Ndiyo maana watu hawajui wacheke au wakimbie. Wewe uwe marehemu. Uongee. Mimi nitakuwa hawa watano."

Akasema, "Mimi mzee wa kanisa, nisemee maiti?"

"Maiti mwenyewe Mzungu, hatakufahamu."

"Na nikikosea? Sioni, Seche."

"Maiti naye haoni. Macho yake yamefumbwa. Kila kitu anauliza."

Mzee Yoramu akakaa. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, yule mzee, kaziba mdomo kwa kofia.

Jumamosi ya mnada ilifika. Wachunga ng'ombe wameacha fimbo mlangoni, rundo kama kuni. Hamisi kasimama na mikono kifuani, na pembeni yake yule mtafsiri wa Mpwapwa, miwani ya jua ndani ya banda, maiki yake mwenyewe kaja nayo imefungwa kwenye taulo. Mimi kwa mara ya kwanza nina maiki mkononi, jasho linanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa nimekunywa maji ya chumvi. Hiyo nayo ishikeni, maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, na karanga msile kabisa kabla ya maiki, zinakaa kooni zinangoja neno kubwa.

Picha ikaanza. Jeneza hilo. Yule mchunga ng'ombe hodari wa sauti akauliza, "Leo steringi yupi?"

Ehem, ehem. "Steringi ni mimi niliyelala hapa. Nimeshakufa, kwa hiyo leo msiwe na wasiwasi na mimi."

Banda zima likaangua kicheko, hata yule aliyeuliza.

Wakaingia wale watano, nikawapa sauti. Kipara nikampa sauti ya Hamisi. Najua, lakini ilikuwa imeshanitoka. "Poleni-jamani-wallahi-marehemu-alikuwa-mtu-sana-kiti-chake-nani-anakalia." Mwanamke wa viatu vyekundu nikampa ya mwalimu wa kwaya, kila neno linaishia juu. Yule mnene, mchinjaji wetu. Mchungaji wa uongo nikampa ya yule muuza dawa za miti mnadani, inatibu mgongo, inatibu mapenzi. Mchekaji nikampa kicheko cha mama mkwe wangu, hicho sikuhitaji kukijaribisha, nilikaa nacho miaka.

Ikafika ile pasi. Puh.

Yoramu: "Nimesikia kitu. Mimi macho yamefumbwa, nani huyo?"

Watu wote, "Kipara."

"Kafanywaje?"

"Kapigwa na pasi."

"Pasi yangu ya mkaa?"

"Ya umeme."

"Nyumba yangu ina umeme? Nimekufa kumbe ndio wamenivutia."

Na vile umeme Gulwe nzima ilikuwa bado kuuona, watu walikaa chini kwa kucheka. Basi ikawa hivyo. Kila anayekufa, marehemu anauliza, watu wanamjibu, yeye anatoa hukumu. Mnene aliposhushiwa kinanda akasema, "Nilimwambia asikae ngazini." Mchungaji alipokunywa sumu akasema, "Chai ya msiba usiionee uchu." Damu imejaa kioo kizima, na wazee wa watu wanapanguza machozi ya kicheko kwa mashuka yao.

Mimi nikaanza kupata raha. Hapo ndipo nilipoona Hamisi anakuja.

Alikuwa hacheki. Alikuwa anamtazama Yoramu, hatazami kioo. Kachukua glasi ya maji, kaja polepole upande wa kulia wa mzee, akamnyooshea. Bila neno. Glasi iko hapo mbele ya uso, kiasi hiki. Yoramu anatazama mbele, kwenye kioo asichokiona, anatabasamu. Glasi haipokelewi. Mkono wa Hamisi umebaki hewani, na yule wa Mpwapwa ameshaanza kufungua taulo.

Goti la mzee nisingelifikia, alikuwa ng'ambo ya meza ya deki ya video. Kunong'ona siwezi, maiki iko mdomoni, na kwenye kioo mwanamke wa viatu vyekundu kafungua kinywa chake, watu wanangoja aseme. Anasema na jeneza. Nikamtia maneno, kwa sauti ya mwalimu wa kwaya, "Bosi wangu mpendwa, hapo mkono wako wa kulia kuna mtu anakupa maji."

Ehem. "Maiti hanywi," Yoramu akasema, "lakini huyu amelelewa vizuri." Akanyoosha mkono wa kulia, akaipata glasi, akanywa yote.

Watu walicheka. Hamisi hakucheka. Alirudi mlangoni, akasimama palepale, na mimi nikajua amejua.

Tukamaliza. Mwisho wa picha ile wanakuja watu wa mazishi asubuhi, wanafungua mlango, wanakuta miili kila mahali, mkubwa wao anauliza, tunamzika yupi? Yoramu akajibu kutoka jenezani, "Anzeni na hao. Mimi nimezoea kusubiri."

Watu walipotoka tulibaki watatu, na yule wa Mpwapwa wa nne, kashika taulo lake. Hamisi akavuta gogo akakaa mbele ya Yoramu.

"Tangu lini, mzee?"

Yoramu hakuuliza tangu lini nini. "Mwaka juzi, kabla ya mvua."

"Na wewe Mama Karanga ulijua."

"Nilijua."

"Na mimi mwenye banda nimekaa na mtafsiri asiyeona, nagombana na kapu." Nikamuona Yoramu ameshika magoti, anangoja Manyoni. Hamisi akamgeukia yule mwenye miwani, "Ndugu yangu, samahani kwa safari. Wewe ungeifanyaje hii picha?"

Yule mtu alikuwa muungwana. Akasema, "Mimi ningemchagua Kipara," akafunga maiki yake, akaenda kuwahi usafiri.

Hamisi akasema, sasa kwa kasi yake ya kila siku, "Haya-watu-wameshaniambia-wiki-ijayo-wanaleta-wake-zao-mimi-nitawaambia-nini-mzee-maiti-yuko-wapi. Maiki ni yako. Lakini Jumatatu tunakwenda hospitali ya Mvumi ukaonwe macho."

Mzee aliyekaanga majambazi mamia aliogopa sindano. Nilimpeleka mimi. Njia nzima aliniuliza watatumia kitu gani, kina ukubwa gani, na mimi nikampa jibu kwa sauti ya muuza dawa za miti mpaka abiria wakaniomba ninyamaze. Wakamtengeneza jicho moja, la pili wakasema litafuata. Siku walipofungua bandeji alinitazama sana, akasema, "Kumbe wewe ni mzee hivi." Nikamwambia jicho hilo alirudishe.

Jumamosi tukarudi bandani, maana ile picha watu walikuwa bado wanaitaka, wanajua kila kifo, wanajibu kabla hawajaulizwa. Viti viwili, maiki mbili. Yoramu kakaa na jicho lake jipya, anatazama kioo kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Jeneza. Wale watano. Nilimuona anawasoma mmoja mmoja, watu wale niliokuwa namweleza. Ikafika pasi. Puh. Na safari hii aliona kisogo cha mtu, na zulia, na ile damu inavyotafuta njia.

Watu wanangoja. Marehemu hasemi.

Nikamtazama. Maji yalikuwa yamejaa kwenye lile jicho. Akasogeza mdomo kwangu, mbali na maiki. "Seche, mbona ulikuwa huniambii kifo hiki ni kibaya hivi?"

Nikamwambia, "Ulikuwa huniulizi hivyo, baba. Uliuliza nani."

Akashika kofia yake, akaivuta mpaka puani, akaziba jicho la zamani na jipya. Akakohoa mara mbili.

"Haya," akasema. "Nielezeni. Nani huyo?"